Kitone cha kijani si kazi: Jua jinsi apu ya ofisi inavyokusoma

JE, umewahi kubeba simu hadi msalani, si kwa sababu unangoja pesa ziingie, bali kwa sababu unahofia kile kitone cha kijani kando ya jina lako kikigeuka njano, bosi ataanza kuuliza uko wapi?

Kama jibu ni ndiyo, wewe na rafiki yangu mmoja mtaelewana bila kujulishana.

Rafiki yangu huyo alipata uanagenzi wa miezi mitatu katika kampuni moja jijini Nairobi. Kazi yake ni usanifu: mabango, nembo, picha za matangazo. Siku mbili kwa wiki alikwenda ofisini, siku tatu alifanyia kazi nyumbani Kayole. Sasa, msanifu mzuri huanza na kalamu na karatasi. Anaweza kukaa saa nzima akichora na kufuta kabla hajagusa kompyuta. Lakini kwa apu ya ofisi, saa hiyo nzima alikuwa mtu ambaye hayupo.

Siku moja msimamizi wake akaandika kwenye kundi la kazi, mbele ya watu wote: “Mbona kila nikiangalia wewe uko njano?”

Hakuna aliyemtetea. Naye hakujibu, maana mwanagenzi atamjibu nini msimamizi mbele ya umati? Tangu siku hiyo alianza kuchora kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukisukumasukuma kipanya ili kitone kibaki kijani. Aliponisimulia tulicheka hadi tukatoa machozi. Kisha akaniambia kwamba michoro yake ilianza kuharibika, na kwamba muda wake wa tathmini ulikuwa umebakia wiki tatu. Hapo kicheko kikaisha.

Nimekuletea kisa hiki kwa sababu ofisi ya kijana wa leo si meza na kiti tena. Ofisi ni apu. Iwe ni Slack, Microsoft Teams, Google Chat, Zoom au kundi la WhatsApp ambalo bosi amelifanya ofisi, humo ndimo unamopokea kazi, unamotuma kazi na unamopimwa. Na apu hizi zinabadilika kila baada ya miezi michache. Kila badiliko linakuja na maneno matamu ya kurahisisha kazi. Mengi ni ya kweli. Lakini kila badiliko pia linaacha alama mpya kukuhusu: ulikuwa wapi, ulisema nini, ulijibu baada ya dakika ngapi. Swali ni moja tu: alama hizo zitatumiwa na nani, kukusaidia au kukuchongea?

Zilikotoka

Slack, iliyozipa apu hizi sura tunayoijua leo, haikubuniwa kama kitu cha ofisi. Ilizaliwa kutokana na mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch. Kampuni ya Stewart Butterfield na wenzake iliufunga mchezo huo 2012 kwa kukosa wachezaji wa kutosha, lakini chombo walichokuwa wakikitumia kuwasiliana wao kwa wao wakakiona kina manufaa kuliko mchezo wenyewe. Wakakifungua kwa umma Februari 2014. Miaka michache baadaye, Desemba 2020, kampuni ya Salesforce ikatangaza kuinunua Slack kwa dola bilioni 27.7. Hebu fikiria, mchezo uliofeli ukazaa kitu cha thamani hiyo.

Microsoft nayo haikulala. Ilizindua Teams 2017 na kuiweka ndani ya furushi lilelile la Word na Excel ambalo ofisi nyingi tayari zilikuwa zikililipia. Kisha ikaja Covid-19. Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe na akahimiza ofisi ziwaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani. Wengi wetu, au kaka na dada zetu, tulijifunza apu hizi wiki hiyohiyo, kwa pupa, bila mtu wa kutueleza chochote. Tulibofya “nakubali” na tukaendelea. Hadi leo wengi hatujawahi kurudi nyuma kusoma tulikubali nini.

Kitone kinapima nini hasa?

Tuanze na hicho kitone. Watu hukichukulia kama jicho la bosi, kumbe ni kitu kijinga sana. Kwenye Teams, ukikaa kama dakika tano bila kugusa kibodi wala kipanya, au skrini ikijifunga, rangi inageuka njano. Slack kwenye kompyuta hungoja kama dakika kumi, kisha kitone hubaki duara tupu. Kwenye simu ni balaa zaidi, kwa sababu Slack hukuonyesha kuwa hupo mara tu unapotoka kwenye apu, hata kama umetoka kwenda kupokea simu ya mteja wa ofisi hiyohiyo.

Kwa hivyo kitone hakipimi kazi. Kinapima kama kuna kidole kilichogusa kitu. Anayesoma ripoti ya kurasa 40 ni njano. Anayepekua TikTok huku akigusa kipanya mara mojamoja ni kijani. Aliyekatikiwa na umeme Githurai huonekana sawa na aliyelala fofofo Kileleshwa.

Unakumbuka Mei 12, 2024? Ilikuwa Jumapili. Nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukayumba Kenya na katika nchi jirani kwa siku kadhaa. Jumatatu asubuhi watu walikuwa wakizunguka mtaani na laptopu mkononi wakitafuta waifai inayopumua. Ukimwuliza kitone, vijana wengi walihepa kazi siku hiyo. Ukiwauliza wao, walikuwa wamechoma bando la wiki nzima kwa kutuma faili moja.

Ubaya ni kwamba ukimpima mtu kwa kitone, atakupa kitone. Nchini Marekani iliripotiwa 2024 kwamba benki ya Wells Fargo iliwafuta kazi wafanyakazi zaidi ya kumi baada ya kubainika kwamba waliigiza shughuli za kibodi ili waonekane wako kazini. Kuna vifaa vidogo vya kusukuma kipanya vinavyouzwa kwa kusudi hilo. Sisemi waliofanya hivyo walikuwa na haki. Udanganyifu ni udanganyifu. Lakini angalia mtego ulivyo: mwajiri ananunua chombo cha kumwona mfanyakazi, naye mfanyakazi ananunua chombo cha kukidanganya hicho chombo. Hapo katikati kazi yenyewe haina mtu wa kuiangalia.

Na tuambiane ukweli, wasee. Wapo kati yetu wanaosema “niko kazini” wakiwa kwenye matatu kuelekea Naivasha. Mwenye biashara ndogo aliyeajiri vijana sita na kuwalipa kutoka mfukoni mwake ana haki ya kujua kazi inakwenda. Shida si kwamba anataka kujua. Shida ni kwamba kitone hakimwambii.

Vipengele vipya, maswali mapya

Kitone ni cha zamani. Sasa kuna wageni wapya watatu ambao ni lazima uwajue.

Wa kwanza ni mahali ulipo. Mwishoni mwa 2025 Microsoft ilieleza mpango wa kuifanya Teams itambue waifai ya kampuni unapoungana nayo, kisha ijaze yenyewe jengo unalofanyia kazi. Kwa maelezo ya Microsoft, kipengele hicho huja kikiwa kimezimwa, msimamizi wa mfumo ndiye anayeamua kukiruhusu, na mfanyakazi huombwa kukubali. Ni chombo kizuri ukitaka kujua kama mwenzako amefika ili mkutane ghorofa ya tatu. Lakini kwa ofisi inayotaka watu waje siku tatu kwa wiki, ni daftari la mahudhurio lisilohitaji sahihi yako. Neno “kukubali” nalo tulitazame vizuri. Mwanagenzi akiambiwa na meneja “bofya hapo ukubali”, je, anaweza kweli kusema hapana?

Wa pili ni akili unde, yaani AI, inayoandika muhtasari wa mkutano. Siku hizi Teams, Zoom, Google Meet na Slack zote zina kipengele cha aina hii. Mkutano ukiisha, unapata karatasi iliyopangwa: mliamua nini, nani atafanya nini, lini. Microsoft ilipoanza kuuza msaidizi wake Copilot kwa kampuni Novemba 2023, bei ilikuwa dola 30 kwa kila mtu kwa mwezi, karibu Sh3,900 kwa thamani ya shilingi ya sasa. Mwaka wa 2025 Google nayo ilimwingiza msaidizi wake Gemini ndani ya furushi la ofisi na kupandisha bei ya furushi lenyewe. Kwa hivyo hata kampuni ambayo haikuomba AI huenda tayari inailipia.

Manufaa yapo. Kama umeme ulikatika nusu ya mkutano, utasoma ulichokosa. Kama mwenzako ana ulemavu wa kusikia, manukuu yanayotokea kwenye skrini ni mlango uliofunguka. Ila jihadhari, kwa maana mashine hizi bado hazijaelewa jinsi Mkenya anavyozungumza. Sisi huanza sentensi kwa Kiingereza, tukaikatiza kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Sheng. Katika mkutano mmoja niliokuwamo, mtu alisema kuhusu malipo ya mchapishaji, “hiyo tutamalizana naye kesho.” Muhtasari ulipotoka, “kesho” ilikuwa imegeuka pesa taslimu. Mashine ilisikia keshi! Jina la aliyepewa jukumu hilo likawa la mtu ambaye alikuwa amekohoa tu. Tulicheka, tukarekebisha. Lakini je, kama hakuna aliyeusoma? Baada ya miezi miwili karatasi hiyo ndiyo ingekuwa ushahidi kwamba jamaa aliagizwa kulipa taslimu na hakulipa.

Wa tatu ni takwimu za utendakazi. Mwaka wa 2020 Microsoft ilitoa kipengele kilichoitwa Productivity Score. Kilimwezesha msimamizi kuona, kwa majina, ni mara ngapi mtu ametuma baruapepe, amefungua kamera au amechangia kwenye gumzo. Watetezi wa faragha walipiga kelele, na Desemba 1 mwaka huohuo Microsoft ikatangaza kwamba ingeondoa majina ya watu kwenye kipengele hicho. Kumbe kelele husaidia! Kipengele si sheria ya maumbile. Ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadilisha.

Gumzo la pembeni si la pembeni

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwenye ofisi ya masuala ya wafanyakazi. Ule ujumbe wa kibinafsi unaomtumia rafiki yako wa ofisini kwenye apu ya kazi, ukimteta bosi, si wa kibinafsi kama unavyodhani. Kwenye mipango ya kulipia ya Slack, kwa mfano, wenye akaunti ya kampuni wanaweza kuomba kupakua mazungumzo yote, yakiwemo ya watu wawili pekee, mradi wafuate masharti na sheria. Kufuta upande wako si lazima kuwe kumefuta kila mahali, kwani kampuni inaweza kuweka kanuni ya kuhifadhi hata yaliyofutwa.

Upande wa pili wa sarafu ni apu ya bure. Vikundi vingi vya vijana, wabunifu na biashara changa hutumia Slack bila kulipa. Tangu Septemba 2022, mpango wa bure unakuonyesha mazungumzo ya siku 90 pekee. Tangu Agosti 2024, yaliyozidi mwaka mmoja hufutwa kabisa. Kama makubaliano yenu ya nani anamiliki asilimia ngapi ya biashara yako kwenye gumzo hilo, siku moja mtaamka na hayapo. Yatoeni, muyaweke kwenye waraka, mtie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kwa wewe unayeingilia kwenye kivinjari ukiwa saiba, bila kusakinisha apu, nakuelewa. Toleo la kwenye kivinjari linaokoa nafasi, na siku hizi linafanya karibu kila kitu ambacho apu hufanya. Lakini kufunga dirisha si kutoka. Toka kwenye akaunti yako kabisa, na ukisahau, ingia kwa simu na utafute mahali pa kuondoka kwenye vifaa vingine vyote. Apu kubwa nyingi zina kitufe hicho. Mwenye kukaa kiti chako baada yako hana haja ya kujua mshahara wako.

Sheria inasema nini?

Wengi hudhani mwajiri akilipia apu, basi kila kilichomo ni chake kufanyia atakavyo. Si hivyo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na hakisemi “isipokuwa wakati wa kazi.” Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaingia ndani zaidi. Kifungu chake cha 26 kinakupa haki ya kuelezwa data yako inatumiwa kwa nini, kuiona, kupinga matumizi yake, na kutaka irekebishwe ikiwa ina makosa. Kifungu cha 29 kinamtaka anayekusanya data akufahamishe kabla ya kukusanya, kadiri inavyowezekana. Cha 35 kinakupa haki ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake, ingawa kuna hali ambazo sheria inaruhusu, kwa mfano ukiwa umekubali mwenyewe.

Ukihisi haki hizi zimekanyagwa, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, ofisi ambayo Immaculate Kassait aliteuliwa kuiongoza 2020. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Sheria ya Ajira ya 2007 nayo haijakuacha. Kifungu cha 41 kinasema kabla mwajiri hajakufuta kwa utendakazi duni au utovu wa nidhamu, ni lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na akusikilize, ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama. Maana yake ni kwamba kitone cha njano hakiwezi kuwa hukumu. Kinaweza kuwa tuhuma tu, nawe una nafasi ya kujibu. Kifungu cha 27 kinakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Ile arifa ya Jumapili saa nne usiku inayoanza na “samahani kukusumbua” inaigusa siku hiyo.

Kuhusu arifa za usiku, nchi nyingine zimeshapiga hatua. Ufaransa ilianza kutekeleza haki ya kujitenga na kazi baada ya saa za kazi Januari 2017. Australia ikafuata Agosti 26, 2024. Hapa kwetu, Seneta wa Nandi Samson Cherarkey aliwasilisha mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira mnamo 2022, ukipendekeza mfanyakazi asiadhibiwe kwa kutojibu simu na jumbe nje ya saa za kazi. Shirikisho la waajiri liliupinga, likihofia gharama na usumbufu kwa biashara. Mswada huo haukugeuka kuwa sheria. Kwa hivyo, kwa sasa, mpaka kati ya kazi na usingizi wako ni lazima uuchore mwenyewe kwa mazungumzo.

Igeuze apu ikufanyie kazi

Habari njema ni kwamba baadhi ya vipengele vipya viko upande wako, ila vimefichwa mahali ambapo wachache hupagusa: kwenye mipangilio.

Weka saa zako za kazi. Slack na Teams zote zinakuruhusu kupanga muda ambao arifa hazitalia. Anayekuandikia saa tano usiku ujumbe wake utafika, lakini simu yako haitapiga kelele.

Tumia maneno ya hali. Badala ya kuacha kitone kikusemee, andika chini ya jina lako: “Nachora kwa karatasi hadi saa tano, niko kwa simu.” Sentensi moja ya namna hiyo ina habari kuliko rangi kumi.

Panga ujumbe utoke asubuhi. Kama wewe ni mtu wa kufanya kazi usiku, usiwaamshe wenzako. Kuna kipengele cha kupanga muda wa kutuma. Na kama siku moja utakuwa bosi, tafadhali kikumbuke kitufe hicho.

Soma muhtasari wa AI siku hiyohiyo. Ukiona umeandikiwa jambo hukulisema, jibu papo hapo kwenye kundi kwa adabu: “Kwa rekodi, hili halikuwa langu.” Usiposema leo, baada ya miezi miwili mashine itaaminiwa kuliko wewe.

Weka daftari lako. Kila Ijumaa andika mistari mitano: ulifanya nini, ulikikabidhi lini, kwa nani. Usibebe siri za kampuni wala faili za wateja kwenda nazo nyumbani, hilo litakuletea noma. Orodha ya kazi zako tu inatosha.

Na siku ya kwanza kazini, baada ya kuonyeshwa choo na mahali pa chai, uliza maswali manne bila ukali. Nitapimwa kwa nini, saa nilizokaa au kazi niliyokabidhi? Ninatarajiwa kujibu ndani ya muda gani, na mwisho ni saa ngapi? Mikutano ikirekodiwa, rekodi inakaa wapi na nani anaiona? Na mtandao ukipotea, nimpigie nani? Hakuna swali kati ya haya litakalokufanya uonekane mkaidi. Kinyume chake, utaonekana mtu anayejua kazi. Ukiogopa kuuliza kwa mdomo, uliza kwa maandishi, halafu uhifadhi jibu.

Yaliyompata rafiki yangu

Siku ya tathmini ilifika. Msimamizi alianza na lile lile: “Kazi ni sawa, lakini mara nyingi hupatikani.”

Rafiki yangu alikuwa amejiandaa. Wiki tatu zile zilizobaki aliacha kusukuma kipanya. Badala yake alirudi nyuma kwenye kundi la kazi, akatafuta kila kazi aliyopewa tangu siku ya kwanza na kila siku aliyoikabidhi. Apu ileile iliyomchongea ndiyo iliyomtunzia tarehe zote. Alipewa kazi 31. Zilizochelewa zilikuwa mbili, na moja ilichelewa kwa sababu mteja alibadilisha rangi mara tatu. Aliiweka orodha mezani pamoja na bahasha ya michoro ya penseli.

Msimamizi aliipekua michoro hiyo muda mrefu. Kisha akauliza, “Hii yote ulikuwa ukiifanya lini?”

“Nilipokuwa njano,” akajibu.

Sitakudanganya kwamba aliajiriwa siku hiyo na kupandishwa cheo. Aliongezwa miezi mitatu kwa malipo yaleyale, na kampuni bado inatazama vitone. Lakini msimamizi aliacha kumwuliza uko wapi. Siku hizi humwuliza umefikia wapi. Ukiyapima maneno hayo mawili utaona umbali uliopo kati yake, na umbali huo ndio tunaoupigania.

Kwa hivyo kesho asubuhi ukifungua apu ya kazi, kabla hujaandika “habari za asubuhi”, ingia kwenye mipangilio. Kaa humo dakika kumi. Ona kipi kimewashwa, nani alikiwasha, na kipi unaweza kukizima. Apu inakusoma kila siku. Si vibaya nawe ukaisoma mara moja.